Tolkien: Mzaliwa wa Bloemfontein aliyeibuni Pete inayomtawala anayeivaa

WAPENZI wa hadithi za maajabu duniani kote wanaijua Pete ya dhahabu inayompa mtu nguvu huku ikimnyang'anya utu wake. Wasiofahamika na wengi ni wahunzi wa hadithini waliofua vitu vya aina hiyo, na kwamba mwandishi aliyewabuni alizaliwa Afrika.

John Ronald Reuel Tolkien alizaliwa Januari 3, 1892, mjini Bloemfontein, katika Afrika Kusini ya leo. Baba yake, Arthur, Mwingereza, alikuwa meneja wa tawi la benki. Mwaka 1895 mama yake, Mabel, aliwachukua wanawe wawili kwenda kuwasalimia ndugu Uingereza. Baba aliugua na kufariki Februari 1896 kabla ya kuwafuata. Mabel naye alikufa kwa kisukari mwaka 1904, wakati insulini ilikuwa bado haijagunduliwa. Akiwa na miaka 12, Tolkien alibaki yatima chini ya uangalizi wa padri wa Kikatoliki, Francis Morgan.

Shuleni mjini Birmingham alipenda lugha na masimulizi ya kale. Alivutiwa mno na Kalevala, utenzi wa Finland, ambamo mhunzi Ilmarinen anafua Sampo, chombo cha ajabu kinachosaga unga, chumvi na fedha bila kukoma. Chombo hicho cha neema kinazua ugomvi, kinaibwa, na mwishowe kinavunjikia baharini.

Mwaka 1916, miezi michache baada ya kumwoa Edith Bratt, alipelekwa vitani Ufaransa akiwa afisa wa mawasiliano katika mapigano ya Somme. Wawili kati ya marafiki zake watatu wa karibu zaidi waliuawa mwaka huo. Yeye aliugua homa iliyoenezwa na chawa wa mahandakini, akarudishwa Uingereza. Ni katika kipindi hicho cha kuuguzwa ndipo alipoanza kuandika visa vya ulimwengu wake wa kubuni.

Baada ya vita alifanya kazi katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, akafundisha Chuo Kikuu cha Leeds, na mwaka 1925 akawa profesa wa Kiingereza cha kale huko Oxford.

Katika visa vyake, kila kitu chenye nguvu kina fundi wake, na tabia ya fundi hubaki ndani ya kazi yake. Fëanor alitengeneza vito vitatu vilivyohifadhi nuru ya miti miwili mitakatifu. Miti ilipoharibiwa, aliombwa avivunje vito ili iponywe, akakataa. Vito vikaibwa, wanawe wakala kiapo cha kuvirudisha, na damu nyingi ikamwagika.

Mjukuu wake, Celebrimbor, alifua pete tatu za kuhifadhi na kuponya. Lakini elimu ya ufundi huo aliipata kwa Sauron, aliyemjia akijifanya rafiki. Kwa siri, Sauron alifua Pete moja ya kuzitawala nyingine zote, akatia humo sehemu kubwa ya nguvu zake. Pete ilipoangamizwa, Sauron aliporomoka. Hata zile tatu, ambazo hakuzigusa kamwe, zilipoteza uwezo wake.

Lakini Pete hiyo haikuanza na historia nzito namna hiyo. Katika The Hobbit, kitabu kilichotoka mwaka 1937, ilikuwa pete ya kumfanya mtu asionekane, basi. Gollum, kiumbe aliyeimiliki, alikuwa tayari kuitoa zawadi akishindwa katika vitendawili. Tolkien alipoandika mwendelezo wake, The Lord of the Rings, aliona kwamba pete ya kutawala haiwezi kutolewa kirahisi hivyo. Akaiandika upya sura hiyo, na toleo la mwaka 1951 likamwonyesha Gollum akiisaka pete yake kwa hasira na nia ya kuua. The Lord of the Rings ilitoka kwa sehemu tatu, 1954 na 1955.

Fundi huyo wa maneno naye aliona vigumu kuiachilia kazi yake. Historia ya vito vya Fëanor, aliyoianza akiwa kijana, aliirekebisha kwa zaidi ya miaka 50. Tolkien alifariki Septemba 2, 1973, akiwa na miaka 81, akaacha marundo ya miswada isiyokamilika. Mwanawe Christopher ndiye aliyeipanga na kuichapisha mwaka 1977 kwa jina la The Silmarillion. Hivyo kisa cha mhunzi aliyekataa kuachia vito vyake kiliwafikia wasomaji miaka minne baada ya mwenyewe kuzikwa.