Sarafu Moja kwa Juma

Wako watu wadhanio kwamba kazi kubwa za Kanisa huendeshwa kwa fedha za matajiri, na kwamba mkono wa maskini hauna cha kuongeza. Wenye mawazo hayo twawaomba wayatazame maisha ya Pauline Jaricot, binti wa mji wa Lyon, Ufaransa. Wala wasiishie kutazama mafanikio yake. Waitazame na hasara yake, kwani yote mawili yatufundisha jinsi fedha ya sadaka ipasavyo kukusanywa na kutunzwa.

Pauline alizaliwa tarehe 22 Julai 1799. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa hariri, naye binti akalelewa katika raha na mavazi mazuri. Alipokuwa na umri wa miaka 17 hivi alisikia mahubiri juu ya ubatili wa mapambo, yakamchoma moyo. Akaziacha nguo za fahari, akavaa nguo za kawaida kama wanawake wa kazi, akaanza kuwahudumia wagonjwa na maskini wa mji wake.

Ndugu yake Phileas, aliyekuwa akisomea upadre huko Paris, alimpasha habari za misioni za mbali zilizokuwa zikidhoofika kwa kukosa fedha. Pauline hakwenda kwanza kubisha hodi katika majumba makubwa. Aliwaendea wasichana wa kiwanda cha hariri cha jamaa zake, akamwomba kila mmoja sala, pamoja na sou moja kwa juma. Sou ilikuwa sarafu ndogo, sehemu ya 20 ya faranga. Hata mtu wa mshahara mdogo aliweza kuitoa bila kuwanyima watoto wake chakula.

Lakini nia njema peke yake haijazi mfuko. Mwaka 1819 Pauline alipata njia ya kuupanga mchango huo. Kila mwenye bidii atafute watu 10 na kupokea sarafu zao. Viongozi 10 wa namna hiyo wapeleke makusanyo kwa kiongozi wa watu 100. Nao viongozi 10 wa mamia wapeleke kwa kiongozi wa watu 1,000, ambaye huyafikisha kwa mweka hazina. Tupige hesabu: mtu mmoja kwa mwaka alitoa faranga 2 na nusu na kidogo, watu 10 walitoa faranga 26, watu 1,000 walitoa faranga 2,600. Wala mtoaji hakuwa akimpa mgeni fedha yake, bali jirani amjuaye kwa uso na kwa jina. Ndiyo maana mchango haukukauka baada ya majuma machache.

Tarehe 3 Mei 1822 Chama cha Kueneza Imani kiliundwa rasmi mjini Lyon. Kikaazimu kusaidia misioni zote za dunia, si misioni moja tu. Katika mwaka wa kwanza zilipatikana faranga zaidi ya 22,000, zikagawiwa misioni za Asia, na za Louisiana na Kentucky huko Marekani. Baadaye Chama kikawa kikichapa barua za wamisionari pamoja na hesabu za mapato na matumizi, na kila kundi la watu 10 lilipata nakala yake. Basi msichana wa kiwandani aliweza kujua sarafu yake imefika wapi na imefanya nini.

Nasi wa Afrika ya Mashariki tumo katika habari hiyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Unguja mwaka 1863 na kufungua misioni Bagamoyo mwaka 1868, na Mapadre Weupe walipoanza safari ya kwenda kwenye maziwa makuu mwaka 1878, msaada wa Chama hicho ulikuwa miongoni mwa fedha zilizowategemeza. Wengi waliotoa hawakupata kuiona nchi yetu.

Sasa tuitazame hasara. Mwaka 1845 Pauline alitaka kuwapatia wafanyakazi mahali pa kazi penye ujira wa haki na maisha ya Kikristo. Akanunua kiwanda cha kuyeyushia chuma huko Rustrel, kusini mwa Ufaransa. Usimamizi aliwakabidhi watu aliowaamini, nao wakazitapanya fedha. Ndani yake zilikuwamo akiba za watu wadogo waliomtegemea yeye. Angeweza kusema kwamba amedanganywa, na ingekuwa kweli. Lakini hakujificha nyuma ya neno hilo. Alitumia miaka iliyobaki kuomba huku na huko ili awalipe wale waliompa fedha zao. Hata Chama alichokianzisha kilikataa kumtambua kuwa mwanzilishi wake. Akaandikwa katika orodha ya mafukara wa Lyon, akafa tarehe 9 Januari 1862.

Kanisa halikumsahau. Mwaka 1922 Baba Mtakatifu Pius XI alikifanya Chama kuwa cha Kipapa, na tarehe 22 Mei 2022 Pauline alitangazwa Mwenye Heri katika mji wake mwenyewe.

Tujifunze nini sisi? Kutoa ni moyo, si utajiri. Jamaa isiyoweza kutoa kingi kwa mara moja yaweza kutoa kidogo kila juma, na kidogo cha kila juma hujenga kuliko kingi cha siku ya sikukuu. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Penye watu 10 wanaofahamiana na hesabu iliyo wazi, sarafu ndogo zilivuka bahari. Penye imani tupu bila uangalizi, mali ya mwanamke mtakatifu iliteketea katika muda mfupi. Kwa hiyo mweka hazina wa parokia asione haya kusoma hesabu mbele ya waumini, wala waumini wasidhani kuuliza ni kukosa adabu. Fedha iliyomo katika kikapu ni jasho la mjane na la mkulima. Anayeipokea amepokea dhamana, naye atadaiwa hesabu yake na watu, na mwisho na Mungu mwenyewe.