Carothers: Daktari aliyepima akili za Waafrika akiwa langoni mwa Mathari

Miongoni mwa majina yatajwayo sana katika historia ya tiba ya akili nchini Kenya ni la Dkt John Colin Carothers, aliyeongoza Hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Wengi humkumbuka kwa yale aliyoyaandika kuhusu Mau Mau. Hata hivyo, kwa wakazi wa Kericho na Bomet, ambako mizani ni sehemu ya maisha ya kila siku, habari zake zina funzo jingine: kipimo kibaya chaweza kuwadhulumu watu kwa miaka mingi baada ya mpimaji mwenyewe kuondoka.

Carothers alizaliwa Afrika Kusini mwaka wa 1903, akasomea udaktari Uingereza, na mwaka wa 1929 akaajiriwa katika idara ya tiba ya serikali ya kikoloni nchini Kenya. Alipokabidhiwa Mathari hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Elimu hiyo aliipata baadaye, akiwa tayari kazini.

Hospitali yenyewe ilikuwa imefunguliwa mwaka wa 1910, mahali palipokuwa pakitengewa wagonjwa wa ndui. Wodi ziligawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao na Waafrika kwao. Wakati huo hapakuwa na hospitali nyingine ya akili ambako mtu wa Kericho angeweza kupelekwa, na safari ya kufika huko ilizidi kilomita 200.

Kwa sababu hiyo, wengi wa waliofikishwa Mathari walipitia mikononi mwa machifu, polisi na mahakimu. Walikuwa ni watu waliopigana, waliochoma nyumba au waliozurura barabarani. Mama aliyenyamaza, akakosa usingizi na kuacha kula kwa huzuni, hakuwa na wa kumshtaki. Alibaki nyumbani, akitunzwa na jamaa zake.

Carothers hakuwa mvivu. Alitunza kumbukumbu, na mwaka wa 1947 akachapisha uchunguzi wa Waafrika zaidi ya 500 waliolazwa Mathari kati ya 1939 na 1943. Aliilinganisha idadi ya waliolazwa na idadi ya watu nchini, akaona kwamba wagonjwa ni wachache mno. Sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, aliiona kuwa nadra kabisa. Aidha, alibaini kuwa walioacha makwao kwenda kuajiriwa walilazwa kwa kiwango kikubwa kuliko waliobaki vijijini.

Kutokana na hayo alihitimisha kwamba Mwafrika aliye chini ya mila hana mzigo wa kuwajibika nafsini mwake, na kwamba akili yake huyumba anapokutana na ustaarabu wa kigeni.

Tuyatazame madai hayo kutoka nchi ya majani chai. Tangu miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zimefungua mashamba makubwa Kericho, katika ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis, na vibarua wakamiminika huko kutoka sehemu nyingine za magharibi mwa nchi. Kibarua akirukwa na akili kambini, jamaa zake walikuwa mbali, ilhali msimamizi na polisi walikuwa karibu. Njia yake ya kufika Mathari ilikuwa fupi kuliko ya mgonjwa wa kijijini. Kuwa wengi vitabuni hakukuthibitisha kwamba vibarua waliugua zaidi.

Makisio hayo hayakuishia Mathari. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Carothers kuhusu akili ya Mwafrika, na katika maandishi yake ya miaka hiyo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka wa 1954 serikali ya Kenya ilimwita aeleze chanzo cha Mau Mau. Badala ya kuweka mbele madai ya ardhi, alitilia mkazo nafsi zilizovurugika, akaunga mkono watu kukusanywa vijijini. Katika 1954 na 1955, watu zaidi ya milioni moja walihamishiwa katika vijiji vilivyolindwa. Frantz Fanon, daktari wa akili na mpigania ukombozi, alimkosoa vikali mwaka wa 1961.

Mkulima wa Litein au Sotik anaelewa kosa lilikuwa wapi. Mizani ya kituo cha kununulia majani hupima gunia lililofika. Haisemi lolote kuhusu michai iliyokauka shambani.

Jibu la kitaalamu lilitoka Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari John Orley na John Wing waliwatafuta watu katika vijiji viwili karibu na Kampala, hawakungoja waletwe hospitalini. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 1979, yalionyesha kwamba sonona ilikuwa nyingi huko kuliko miongoni mwa wanawake wa mtaa mmoja wa London.

Mwaka wa 2002, watafiti katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai walipiga hatua nyingine. Kwanza waliwauliza wenyeji huzuni hiyo wanaiitaje kwa lugha yao. Kisha wakawapima watu, baadhi yao wakakutana kwa vikundi kila wiki kwa wiki 16, na mwishoni wote wakapimwa tena. Waliokuwa na sonona katika vikundi walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Wale ambao hawakupata vikundi walishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Bila kuwapima hao wa pili, nafuu iliyokuja yenyewe ingedhaniwa kuwa matunda ya tiba.

Siku hizi muuguzi wa zahanati anaweza kutumia hojaji ya maswali tisa yenye alama kuanzia 0 hadi 27. Lakini alama ya siku moja ni hesabu ya langoni tu. Faida yake huonekana mtu yuleyule anapoulizwa tena baada ya wiki kadhaa, kwa lugha anayoielewa, na mhudumu akabadilisha tiba iwapo alama hazishuki. Aliyeacha kuja naye afuatwe nyumbani, maana huenda ndiye aliyezidiwa.

Carothers aliondoka Kenya mwaka wa 1950 na kufariki mwaka wa 1989. Alijua ni wangapi walioingia Mathari. Waliobaki nyumbani aliwakisia, na makisio hayo yakafanywa siasa ya serikali.