Mfinyanzi wa London aliyesaka rangi za maua ya Iznik

Atakayekwenda Mambrui akalitazama lile kaburi la mnara ataziona bakuli za kauri ambazo wazee wetu walizipachika katika chokaa. Gedi nako wachimbuzi waliokota vipande vya vyombo vya Uchina na vya nchi za Kiislamu, na katika majumba makongwe ya Lamu zidaka za ukutani ndizo zilizokuwa makao ya sahani za thamani. Kwa hiyo mtu wa pwani hana haja ya kuelezwa kwa nini binadamu hupenda udongo uliotiwa rangi ukachomwa. Lakini nadhani ni wachache kati yetu wenye habari za Mwingereza mmoja aliyetumia ujana wake, mali yake, na hata mali ya mkewe, kutafuta jinsi mafundi wa Kiislamu walivyoweza kuyatia maua ya bustani ndani ya kioo cha kigae yasinyauke tena. Jina lake William De Morgan, na huyo ndiye ninayependa kuwasimulia leo.

Alizaliwa London tarehe 16 Novemba, 1839, katika nyumba ya vitabu na hesabu. Baba yake, Augustus De Morgan, aliyezaliwa Madurai huko Bara Hindi, alikuwa profesa wa hesabu, na mpaka leo vijana wanaosoma hesabu au kompyuta hufundishwa kanuni zinazoitwa kwa jina lake. Mwana hakufuata njia ya baba. Mwaka 1859 aliingia chuo cha uchoraji cha Royal Academy, akaona hakimfai. Miaka michache baadaye akajuana na William Morris, yule mtu mashuhuri aliyetaka kazi za mikono zirudi katika heshima yake wakati viwanda vya Uingereza vilikuwa vikimwaga bidhaa za mashine. De Morgan akawa akimchorea Morris vioo vya rangi na vigae vya kuta.

Katika kazi hiyo ya vioo ndipo alipogundua jambo lililomgeuza maisha. Aliona kwamba ile dawa ya fedha inayotumiwa kutia kioo rangi ya manjano, mara nyingine ilitoka tanurini ikiwa na mng'aro kama wa ganda la chaza. Akaanza kujaribu. Alijenga tanuri chini ya nyumba aliyokuwa akikaa, Fitzroy Square, akaliunganisha na bomba la moshi la nyumba, na mwaka 1872 moto ukashika paa. Bila shaka majirani hawakulia alipohama! Akaenda mtaa wa Chelsea, akafungua kiwanda chake mwenyewe.

Ama hivyo vigae alivyokuwa akiviangalia kwa hamu vilikuwa ni vipi? Katika karne ya 16, enzi za Sultani Suleiman wa Uturuki, mafundi wa mji mdogo wa Iznik walitengeneza vigae vyeupe pee vilivyojaa maua: tulipu, waridi, hayasinthi na kanesheni. Anayesifiwa kwa kuyaleta maua halisi ya bustani katika sanaa ya ikulu, badala ya majani ya kubuni tu, ni Kara Memi, mkuu wa wachoraji wa Sultani. Tulipu Waturuki waliipenda kuliko maua yote. Jina lake kwao ni lale, na likiandikwa kwa herufi za Kiarabu huwa na herufi zile zile za jina la Mwenyezi Mungu. Kanesheni nayo huiita karanfil, jina moja na karafuu yetu. Msikiti wa Rüstem Pasha, mjini Istanbul, umevikwa vigae hivyo kuta zima, na aliyeingia ndani hujiona yu katikati ya bustani.

La kusikitisha ni kuwa zama za De Morgan watu wa Ulaya hawakujua hata kazi hiyo ni ya nani. Wengine waliiita ya Uajemi, wengine ya kisiwa cha Rhodes. De Morgan mwenyewe alizoea kuziita rangi zake rangi za Kiajemi. Mafundi wa Iznik waliofanya kazi yote hiyo hawakutajwa.

Siku hizi kuna ule udongo wa plastiki unaouzwa madukani, ambao kina dada huuchanganya kwa vidole: mwekundu na mweupe hutoka rangi ya waridi, buluu na manjano hutoka kijani cha jani. Hufinyanga asmini na waridi za herini, wakazioka katika oveni ya jikoni kwa joto la digrii 130 hivi, na rangi waliyoichanganya ndiyo wanayoipata. De Morgan hakuwa na starehe hiyo. Mfinyanzi hachanganyi rangi, huchanganya madini. Kobalti itakayotoa buluu ni unga mweusi. Shaba itakayotoa feruzi huweza kuwa nyeusi vile vile. Manganizi, inayotoa zambarau, nayo si zambarau mkononi. Basi fundi anapopaka ua huwa hapaki kile akionacho, hupaka kile anachotumaini kukikuta kesho tanuri likifunguliwa.

Na shaba ina kigeugeu cha pekee. Ukiifunika kwa kioo chenye risasi nyingi hutoka kijani kama jani la mgomba. Ukiifunika kwa kioo chenye magadi hutoka feruzi, rangi ya bahari ya kusi imetulia. Lakini kioo cha magadi nacho hujikunja sana kikipoa, na kisipolingana na udongo uliopo chini yake hupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Ndiyo maana hakuweza kununua tu vigae vya mashine vya Uingereza akavipaka apendavyo. Vigae hivyo vilishindiliwa kwa unga mkavu, naye aliviona haviwezi unyevu na baridi. Akaanza kufinyanga vyake kwa udongo mbichi, kama walivyofanya wazee wa Mashariki.

Hila yake ya kuchora ilikuwa nzuri, nami nimeipenda kuliko zote. Mchoro wa ua uliwekwa nyuma ya kioo cha dirisha, na mbele yake karatasi nyembamba. Mchoraji akaufuata mwanga, akapaka rangi za madini juu ya karatasi ile. Kisha karatasi ikalazwa juu ya kigae kilichopakwa udongo mweupe, ikafunikwa kwa unga wa kioo, vyote vikaingia motoni. Karatasi ikaungua, ua likabaki. Hivyo ua moja liliweza kurudiwa mara nyingi, na kila moja likabaki kazi ya mkono.

Mwishoni mwa miaka ya 1870 alipata mtihani mkubwa. Mchoraji tajiri, Frederic Leighton, alikuwa akijenga nyumbani kwake Kensington ukumbi aliouita Ukumbi wa Kiarabu, wenye kuba, chemchemi katikati, na aya za Qur'ani ukutani. Alikuwa amekusanya vigae vya kale kutoka Dameski, vingine kwa msaada wa Richard Burton. Huyu Burton ni yule yule aliyepita Mombasa na Unguja mwaka 1857 kabla ya kwenda bara na Speke hadi Ziwa Tanganyika. Baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza huko Dameski, kuanzia 1869 hadi 1871.

Mimi binafsi sifurahii habari ya vigae kung'olewa katika kuta za watu vikasafirishwa kupamba ukumbi wa karamu, hata kama vililipiwa. Lakini kazi ya De Morgan humo ilikuwa nyingine. Vigae vilifika vingine vimevunjika, vingine havitoshi. Aliitwa avipange, na pale palipokosekana kigae atengeneze kingine kinachofanana. Alifanya hivyo, na mtu asiye bingwa hawezi kutambua kipi kilitoka Dameski miaka mia tatu nyuma na kipi kilitoka Chelsea. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba alikuwa ameupata ujuzi wenyewe na si sura yake tu.

Ule mng'aro wa madini pia aliufikia. Ni ufundi uliozaliwa Iraki zama za Bani Abbasi, ukapita Misri na Uajemi mpaka Andalusi. Fedha au shaba hupakwa juu ya chombo kilichokwisha kuchomwa, kisha hurudishwa motoni kwa joto dogo, na moshi huachwa ulijae tanuri mpaka hewa ipungue. Wengi wangeuficha ujuzi huo. De Morgan alisimama mbele ya wanachama wa Society of Arts mwaka 1892 akaueleza wazi, na mwaka uliofuata akaenda Misri kuwashauri wakuu wa huko kuhusu kuanzisha kazi ya ufinyanzi.

Sifa alikuwa nazo, fedha hakuwa nazo. Alihamia Merton Abbey mwaka 1882, akarudi Fulham 1888, na kila mahali tanuri zilikula zaidi ya zilichozaa. Kampuni ya meli ya P&O ilimpa kazi ya kupamba meli kumi na mbili, lakini hata hiyo haikumwokoa. Mwaka 1887 alikuwa amemwoa Evelyn Pickering, naye mchoraji hodari, na bibi huyu akaingiza fedha zake katika kiwanda pasipo kinyongo. Afya ya mume ilipodhoofika wakawa wakikaa Florence wakati wa kipupwe, naye akituma michoro London kwa posta. Mwaka 1907 kiwanda kilifungwa.

Sasa tazama mambo ya dunia. Mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 66, alitoa riwaya yake ya kwanza, Joseph Vance, kitabu alichokianza kama mchezo tu. Kikanunuliwa kama mahamri ya asubuhi, Uingereza na Marekani. Akaandika nyingine na nyingine. Fedha alizozikosa kwa miaka zaidi ya thelathini ya moto na udongo zikaja kwa kalamu na wino, wakati tanuri limekwisha poa. Alifariki London tarehe 15 Januari, 1917, katika Vita Kuu vya Kwanza, na Evelyn akamfuata mwaka 1919. Dada yake Evelyn ndiye aliyezikusanya kazi zao zisitawanyike.

Zile meli za P&O zilikatwa vyuma au kuzama, na karibu vigae vyake vyote vikapotea pamoja nazo. Nyumba ya Leighton imekuwa jumba la makumbusho, na msomaji atakayejaliwa kufika London anaweza kuingia. Akisimama penye chemchemi ainue macho: kwenye kuta zile maua ya De Morgan yamechanganyika na maua ya Dameski, feruzi kwa feruzi.