Joseph Murumbi: Makamu wa Rais Aliyekusanya Urithi

Jina la Joseph Murumbi linapotajwa, aghalabu hukumbukwa siasa: waziri wa mambo ya nje wa Kenya changa, kisha makamu wa rais kwa miezi michache tu mwaka 1966. Kazi iliyomkaa moyoni muda mrefu zaidi, hata hivyo, ni ukusanyaji wa vitabu, vinyago, nguo, mapambo ya fedha na shanga, hata stempu.

Alizaliwa mwaka 1911 katika Bonde la Ufa, babaye akiwa mfanyabiashara Mgoa na mamaye Mmaasai. Jina Murumbi ni la upande wa mama. Angali mtoto alipelekwa India kusoma, akarejea katika miaka ya 1930. Viongozi wa chama cha KAU walipokamatwa mwaka 1952, alikaimu ukatibu mkuu, kisha akaishi uhamishoni London hadi 1962. Huko ndiko alikoanza kununua vitabu vya kale kuhusu Afrika. Ni kinaya kwamba Mwafrika alilazimika kuusaka urithi wake katika mji mkuu wa mtawala wake.

Rafiki yake mkubwa, Pio Gama Pinto, aliuawa Nairobi mnamo Februari 1965. Mwaka uliofuata Murumbi alijiuzulu umakamu wa rais. Mwaka 1972, yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage jijini Nairobi, jumba la sanaa lililouza kazi za bara zima.

Ladha yake yafaa kuzingatiwa. Makasri ya Ulaya yalithamini vikombe vya mawe magumu vilivyotiwa dhahabu na johari, vyombo visivyonywewa kitu. Sanaa za Afrika, kwa kiasi kikubwa, hazikutenga pambo na matumizi: kibuyu cha maziwa hutiwa kauri na shanga, na bado hutiwa maziwa. Murumbi alivipa vitu vya namna hiyo hadhi ambayo wakusanyaji wengine waliwapa mafundi wa Ulaya pekee.

Wanunuzi wa ng'ambo walimtaka awauzie hazina hiyo. Alikataa, akaiuzia serikali ya Kenya katika miaka ya 1970, pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa matumaini kwamba nyumba ingekuwa taasisi ya taaluma za Kiafrika. Taasisi hiyo haikuwa. Nyumba ilibomolewa, na ardhi yake ikagawanywa. Ilhali kule Karen, nyumba ya Karen Blixen, Mdenmarki aliyeondoka nchini mwaka 1931, ilitunzwa na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986. Si vibaya kuitunza ile. Ajabu ni kwamba hii ya mzalendo haikupata mtetezi.

Vitabu na vinyago, kwa bahati, vilisalimika. Vingi vimo katika Makavazi ya Taifa, Barabara ya Moi, katika jengo lililokuwa benki. Vingine vimewekwa tangu 2013 katika Nairobi Gallery, iliyokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa wakati wa ukoloni. Murumbi alifariki Juni 1990. Alizikwa City Park, karibu na kaburi la Pinto, kama alivyotaka. Mkewe, Sheila, alizikwa kando yake.