Masinde na Ukuta wa Chetambe

Jumapili tulisoma kwamba Mungu hakuwapitisha Waisraeli njia fupi ya Wafilisti (Kutoka 13:17), nami nikasema njia ile ilikuwa na ngome za Farao za kulinda mpaka. Baada ya ibada mama mmoja akaniuliza kama huku kwetu tuliwahi kuwa na ngome. Tulikuwa nazo. Fuata Mto Nzoia kutoka hapa darajani hadi Webuye, halafu inua macho: ndiyo Chetambe.

Mwaka 1895 Wabukusu na Watachoni walikuwa ndani ya ukuta wa udongo, handaki limeuzunguka. Ukuta wa namna hiyo uliweza kuzuia mikuki ya majirani. Hobley alikuja na askari Wasudani na bunduki ya Maxim, akaanza na ngome ya Lumboka, kisha Chetambe. Watu wengi waliangamia.

Elijah Masinde wa Kimilili alizaliwa baadaye, akakua akisikia habari hizo. Vijana, huyu alikuwa mchezaji: mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda, Kombe la Gossage. Alikuwa pia mshirika wa kanisa la Friends, lakini alipooa mke wa pili akatengwa. Akaanzisha Dini ya Msambwa, akawaambia wazungu waondoke. Wakamfunga, halafu wakampeleka Mathari ati ni mwendawazimu. Akatoka mwaka 1947.

Na mwaka huohuo, mwezi wa Septemba, alipanda Chetambe na umati wa watu kuwakumbuka waliouawa. Miaka 52 ilikuwa imepita. Walichinja mnyama, wakatambika, na hapo mimi simfuati hata hatua moja. Damu ya Yesu inatosha. Lakini hapa kuna washirika ambao babu zao walikuwa ndani ya ukuta ule, na kuna waliomfuata Masinde. Mimi hujiuliza: katika miaka hiyo 52, ni mchungaji gani alipanda kilima kile kukaa na waliofiwa? Nehemia alilia kwanza kwa ajili ya ukuta uliobomoka, ndipo akaomba.

Mwaka 1948 serikali ilipiga marufuku dini yake, naye akahamishiwa mbali, Lamu, kwa miaka zaidi ya 10. Uhuru ulipokuja, Kenya yetu wenyewe ikamfunga tena. Alifariki mwaka 1987.