Tom Mboya: Kijana aliyekosa karo, akanolewa kazini

Kila siku maelfu ya watu hupita sanamu ya Tom Mboya pale Moi Avenue, karibu na Archives. Wengine huketi hapo wakimsubiri mtu aliyedai ameshafika kumbe bado yuko Kangemi. Ukiwauliza Mboya alikuwa nani, watakuambia waziri, mwanasiasa mtanashati aliyeuawa, jamaa wa zile ndege za wanafunzi. Ni wachache watakaokuambia kuwa ajira yake ya kwanza ilikuwa ya mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji la Nairobi, kijana wa kupima maziwa kama ni safi.

Na hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake ninayoipenda zaidi, mimi niliyeacha chuo kabla ya kuvaa lile joho.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, kule Kilima Mbogo karibu na Thika. Babake, Leonardus Ndiege, alikuwa ametoka kisiwa cha Rusinga kutafuta riziki, akawa msimamizi wa vibarua kwenye shamba la mkonge la mzungu. Kwa hivyo mtoto akakua katikati ya watu wa kila kabila, akaongea Kikamba na Kikuyu kama Kijaluo na Kiswahili. Akasoma Kabaa, akaenda St Mary's Yala, kisha mwaka 1946 akaingia shule ya Mang'u. Hapo Mang'u ndipo hela zilipogoma. Alikuwa na kichwa cha kuendelea na masomo, lakini nyumbani kulikuwa na wadogo zake waliohitaji karo pia, na mshahara wa shamba la mkonge unajua ulivyokuwa. Basi chuo kikuu kikabaki ndoto.

Mwaka 1948 akapata nafasi ya kufunzwa ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete. Haya yalikuwa mafunzo ya kazi, si shahada. Unafunzwa magonjwa yanavyoenea, maji yanavyochafuka, nyama na maziwa yanavyopimwa, kisha unatahiniwa na kupewa cheti kinachotambulika. Jeanes haikuwa shule ya watoto. Ilikuwa ikifunza walimu na watu wazima wa kazi mbalimbali kutoka pembe zote za koloni, kwa hivyo jioni stori zilikuwa za watu wenye mshahara, mabosi na malalamiko. Kijana wa miaka 18 akikaa humo mpaka 1950 hawezi kutoka alivyoingia.

Mwaka 1951 Baraza la Jiji likamwajiri. Na hapa ndipo mambo yakawa mambo.

Alikuwa na cheti na anaijua kazi, ila mkaguzi mzungu aliyefanya kazi ile ile alilipwa karibu mara tano ya alichopewa yeye. Yaani mafunzo yalimpa ujuzi, lakini mshahara uliendelea kuangalia ngozi. Siku moja akiwa peke yake maabarani akipima maziwa, mwanamke mzungu akaingia na chupa ya sampuli mkononi. Akaangaza macho huku na kule. Mboya akamsalimia kwa adabu. Mama yule akageuka na kuuliza kama kuna mtu yeyote humo ndani. Mboya naye akamuuliza kama macho yake yana tatizo. Mwanamke akatoka mbio kwenda kumshtaki kwa wakubwa, akitaka kijana huyo aadhibiwe.

Ukisoma kisa hicho haraka utadhani ni kisa cha kiburi. Mimi nakiona tofauti. Mtu asiye na uhakika wa kazi yake angeinamisha kichwa. Mboya alijua kupima maziwa, alifunzwa na kufaulu, na katika chumba kile yeye ndiye aliyekuwa mtaalamu. Ujuzi humpa mtu uti wa mgongo, hata kama haumpi mshahara unaolingana nao.

Suala la mshahara hakuliacha. Akaingia katika chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza, akakigeuza kuwa chama kamili cha kutetea wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka 1953 akaachana na ukaguzi wa afya, na mwaka huo huo, akiwa na miaka 23 tu, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Hiyo ilikuwa enzi ya hali ya hatari. Chama cha KAU kilipigwa marufuku, viongozi wengi walikuwa kizuizini, na chama cha wafanyakazi ndicho kilikuwa mojawapo ya milango michache ambayo Mwafrika angeweza kuongea akiwa amesimama.

Hapa mabosi wa leo watanikatiza. Si mmeona? Baraza likamfunza kijana, likampa kazi, akakaa miaka miwili akahepa. Ndiyo maana hatuwapeleki wafanyakazi kozi! Nimeisikia hiyo kwenye kazi zaidi ya moja nilizofanya hapa Nairobi, mahali unapewa aproni au kompyuta asubuhi na kuambiwa utajua mbele kwa mbele. Lakini hebu fikiria hesabu upande wa pili. Alichojifunza Mboya hakikupotea alipofunga mlango wa maabara. Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, alishuka pwani akasimama katikati ya makuli na waajiri. Watu wakarudi kazini, shauri likaenda kwa msuluhishi, na mshahara ukapanda kwa takriban theluthi moja. Kijana aliyezoea kupima, kuandika ripoti na kuitetea mbele ya wakubwa hakwenda pale na kelele pekee.

Mwaka huo wa 1955 akapata ufadhili wa kwenda Ruskin College mjini Oxford. Ukisikia Oxford unafikiria watoto wa matajiri, lakini Ruskin ilianzishwa kwa ajili ya watu wa kazi waliokosa nafasi ya chuo kikuu: watu wa migodi, wa viwanda, wa reli. Akasoma siasa, uchumi na uhusiano kati ya waajiri na wafanyakazi kwa mwaka mmoja. Hakurudi na digrii. Alirudi 1956, na mwaka uliofuata akashinda kiti cha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria, akimbwaga wakili Argwings-Kodhek. Mwaka 1958, akiwa na miaka 28, akawa mwenyekiti wa kongamano la watu wa Afrika nzima mjini Accra.

Ndege za wanafunzi mnazijua. Septemba 1959 ya kwanza iliondoka na vijana 81 kwenda vyuo vya Marekani, nauli ikichangishwa kule na watu kama mchezaji besiboli Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte. Mwaka uliofuata Wangari Maathai akawa miongoni mwa waliosafiri. Mboya aliona uhuru uko mlangoni na ofisi zitabaki bila watu wa kuziendesha. Mtu aliyekosa karo akaamua kutafutia wengine nauli.

Akiwa waziri wa leba mwaka 1962, aliwaleta waajiri na wafanyakazi meza moja wakatia sahihi mkataba wa mahusiano kazini. Baadaye, akiwa waziri wa mipango, akasimamia Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, ambao uliutaja uhaba wa watu wenye ujuzi kama kikwazo kikubwa cha nchi, sawa na uhaba wa mtaji. Waraka huo bado unazua ubishi kuhusu maeneo yaliyoachwa nyuma, na ubishi wenyewe una haki yake. Kuhusu ujuzi, hata hivyo, sidhani alikosea.

Leo sheria inamtaka mwajiri kulipa Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwenye hazina ya mafunzo inayosimamiwa na NITA, na akiwapeleka watu wake kozi iliyoidhinishwa anaweza kudai kurudishiwa gharama. Muulize bosi wako kama anajua. Uliza kwa upole, lakini uliza.

Mboya alipigwa risasi Jumamosi, Julai 5, 1969, akitoka duka la dawa kwenye barabara hiyo hiyo yenye sanamu yake sasa. Alikuwa na miaka 38. Alizikwa Rusinga, kisiwa alichotoka babake kwenda kutafuta kazi ya mkonge.

Ile Jeanes School nayo haipo tena kwa jina hilo. Mwaka 1961 mahali pale pakafanywa taasisi ya kufunza maafisa wa serikali, na siku hizi ni Kenya School of Government. Watumishi wa umma bado wanapelekwa hapo Lower Kabete kusoma wanapotaka kupandishwa cheo. Waajiri wao ndio wanaolipa.