Charles Houston: Mwalimu Aliyeingia Shuleni na Kamera

Pale Washington, Marekani, kuna chuo kikuu chenye kituo chake cha televisheni. Chuo kinaitwa Howard, kilianzishwa mwaka 1867, na kituo kinaitwa WHUT. Kilianza kurusha matangazo tarehe 17 Novemba 1980, enzi hizo kikiitwa WHMM, na kikawa kituo cha kwanza cha televisheni ya umma nchini Marekani kumilikiwa na taasisi ya Watu Weusi. Kabla yake chuo kilikuwa tayari na redio, WHUR, tangu 1971. Mantiki ya vituo hivi haihitaji profesa kuieleza: usipojionyesha mwenyewe utaonyeshwa na mwingine, tena kwa namna anayoitaka yeye.

Lakini wazo hilo ni la zamani kuliko kituo chenyewe. Miaka 46 kabla ya kituo hicho kuwashwa, mwalimu mmoja wa Howard alipakia kamera ya sinema kwenye gari akaenda South Carolina kupiga picha za shule za watoto Weusi. Mwalimu huyo ni Charles Hamilton Houston. Kwa sisi tunaosoma ualimu, nadhani huyu ni mtu wa kumjua kabla hatujamaliza chuo.

Houston alizaliwa Washington tarehe 3 Septemba 1895. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu ya kesi ya Plessy, iliyosema serikali inaweza kuwatenganisha watu kwa rangi ili mradi huduma ziwe sawa. Kwa hiyo mtoto huyu na sheria ile walikua pamoja. Baba yake, William, alikuwa karani wa serikali mchana na mwanafunzi wa sheria Howard jioni, hadi akawa wakili. Mama yake, Mary, aliwahi kuwa mwalimu, baadaye akafanya kazi ya kutengeneza nywele za wake za wakubwa. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, na karibu kila senti ilikwenda kwenye elimu yake.

Haikupotea. Alimaliza chuo cha Amherst mwaka 1915, akiwa na miaka 19, Mweusi pekee katika darasa lake na miongoni mwa wanafunzi bora kabisa. Akarudi Washington, akafundisha Kiingereza Howard kwa miaka miwili. Labda angebaki hapo akifundisha fasihi hadi anastaafu, kama si Vita Kuu ya Kwanza.

Alijiunga na jeshi akawa ofisa, akapelekwa Ufaransa. Huko aligundua kwamba adui hakuwa mbele tu. Maofisa Weusi walitengwa na kudharauliwa, na usiku mmoja yeye na wenzake walinusurika kuuawa na kundi la askari weupe wa jeshi lao hilo hilo. Alitoka vitani na uamuzi mmoja: akirudi salama atasoma sheria, awapiganie watu wasioweza kurudisha ngumi.

Akaingia Harvard mwaka 1919. Alikuwa Mweusi wa kwanza kuwa mmoja wa wahariri wa jarida la sheria la chuo hicho, akapata shahada yake ya sheria mwaka 1922 na ya udaktari mwaka 1923, kisha akasoma Hispania. Mwaka 1924 alianza uwakili katika ofisi ya baba yake, huku akifundisha jioni Howard.

Sasa hapo ndipo hadithi inapoanza kutuhusu. Mkuu wa Howard wakati huo, Mordecai Johnson, ndiye Mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mwaka 1929 alimkabidhi Houston Shule ya Sheria. Shule yenyewe ilikuwa ya jioni, wanafunzi wanatoka kazini, walimu nao wanatoka ofisini kwao, na vyombo vinavyosimamia elimu ya sheria vilikuwa havijaitambua. Houston aliifunga ya jioni akaanzisha ya mchana, ya muda wote. Kumbuka ni ile ile ya jioni iliyomtoa baba yake. Watu walipiga kelele sana, na walikuwa na hoja: maskini anayefanya kazi mchana atasoma saa ngapi? Mimi mwenyewe nikifikiria wenzetu wanaofanya vibarua ili boom lifike mwisho wa mwezi, naona hoja hiyo ina uzito hadi leo. Idadi ya wanafunzi ilishuka. Lakini kufikia 1931 shule ilikuwa imetambuliwa rasmi kitaifa, na shahada yake haikuweza tena kubezwa mahakamani.

Darasani hakuwa mtu wa masihara. Wanafunzi walimpa majina ya utani yanayohusu chuma na saruji, ujue hali ilikuwaje. Kudesa hakukuwepo. Aliwaeleza wazi kwamba wakili asiyeijenga upya jamii yake anainyonya tu, na kwamba wao hawataruhusiwa kuwa wa kawaida, kwa sababu jaji anayewadharau atatafuta kosa moja tu dogo awafukuze. Wengi walishindwa njiani. Mmoja aliyebaki ni kijana wa Baltimore aliyekuwa akipanda treni kila siku kwenda Washington na kurudi, kwa sababu chuo kikuu cha jimbo lake la Maryland hakikupokea Weusi. Mama yake aliweka rehani pete zake ili apate ada ya kuanzia. Kijana huyo, Thurgood Marshall, alimaliza wa kwanza katika darasa la 1933.

Turudi kwenye kamera. Novemba 1934, Houston na Edward Lovett, aliyekuwa mwanafunzi wake, walizunguka vijijini South Carolina. Filamu waliyoileta haina sauti, na kwa kweli haihitaji. Upande mmoja unaona majengo ya matofali ya watoto weupe, na mabasi ya kuwabeba. Upande wa pili unaona vibanda vya mbao, watoto wamebanana, na wengine wanatembea kwa miguu njia ndefu. Sheria ilisema huduma ni sawa. Kamera ilisema sivyo.

Wapo watakaouliza kwa nini wakili asiandike ripoti tu. Nafikiri Houston alielewa kitu ambacho walimu wengi tunakijua tukiwa kwenye BTP: takwimu za shule zinaweza kusomwa ofisini bila mtu kushtuka. Ukisema darasa lina watoto wengi, mkubwa anaitikia kwa kichwa na kuendelea na chai. Akiliona darasa lenyewe, hana pa kukimbilia. Filamu ile ilionyeshwa kwenye mikutano ili watu wachange fedha na wakubali kufungua kesi. Ilikuwa ushahidi, na papo hapo ilikuwa somo kwa wazazi kwamba walichozoea si cha kawaida.

Mwaka 1935 alihamia New York kuongoza kazi za kisheria za NAACP, chama cha kutetea haki za Watu Weusi. Mkakati wake ulikuwa wa subira. Hakuanza kwa kuishambulia moja kwa moja hukumu ya 1896. Aliichukua kama ilivyo: mmesema sawa, haya, leteni hiyo sawa. Akaanzia juu, kwenye shule za sheria za vyuo vikuu, kwa sababu huko majimbo mengi ya kusini hayakuwa na chochote kwa ajili ya Weusi, kwa hiyo hayakuwa hata na uongo wa kusema. Kila jimbo lingelazimika ama kujenga chuo kizima kwa wanafunzi wachache, ama kufungua mlango. Utengano ungekuwa ghali hadi usilipike.

Kesi ya kwanza kubwa alikwenda nayo Maryland, akiwa na Marshall. Donald Murray alikataliwa na shule ya sheria ya jimbo, ile ile iliyomfungia mlango Marshall. Walishinda mwaka 1935, na rufaa ikathibitisha mwaka 1936. Ikafuata kesi ya Lloyd Gaines wa Missouri. Jimbo lilikuwa tayari kumlipia akasome jimbo jingine, mradi asikanyage chuo chao. Desemba 1938 Mahakama ya Juu ilikataa: wajibu wa jimbo hauwezi kuhamishiwa kwa jirani. Gaines mwenyewe hakuwahi kusoma. Machi 1939 alitoweka akiwa Chicago na hajaonekana hadi leo. Ushindi ule ulikuwa na jina la mtu ambaye hakuufaidi.

Kwa walimu kulikuwa na kesi nyingine. Maryland, mwalimu Mweusi alilipwa karibu nusu ya mwenzake mweupe kwa kazi ile ile. Houston na Marshall walipeleka madai mahakamani kaunti moja baada ya nyingine hadi mishahara ikaanza kusawazishwa. Kazi hii waliifanya wakisafiri kwa gari kusini, wakila matunda njiani kwa sababu hoteli hazikuwapokea, na kuandika hati za kesi kwa taipu wakiwa safarini.

Afya yake haikuwa imara. Mwaka 1938 alirudi Washington kwenye ofisi ya baba yake, lakini hakupumzika. Alitetea wafanyakazi Weusi wa reli, akapigania haki ya kununua nyumba popote, na mwaka 1945 akajiuzulu kwenye kamati ya ajira ya serikali kuu alipoona Rais Truman hataki ilazimishe kampuni ya usafiri ya Washington kuajiri madereva Weusi. Kesi yake ya mwisho aliletewa na kinyozi. Gardner Bishop aliwaongoza wazazi wa Washington waliogomea shule iliyofurika watoto. Houston alipougua, alimwelekeeza Bishop kwa James Nabrit, mwalimu wa sheria Howard. Alifariki kwa moyo tarehe 22 Aprili 1950, akiwa na miaka 54.

Miaka minne baadaye, tarehe 17 Mei 1954, Mahakama ya Juu ilitamka katika kesi ya Brown kwamba utengano mashuleni ni kinyume cha katiba. Siku hiyo hiyo kesi ya wale wazazi wa kinyozi ilishinda pia. Aliyeongoza kesi ya Brown ni Marshall, na hoja zake alizifanyia mazoezi Howard, mbele ya walimu na wanafunzi waliocheza nafasi za majaji. Mkono wa Houston ulifika hadi kwetu: mwaka 1960 Marshall huyo huyo alikuwa London, kwenye mkutano wa Lancaster House, akiwaandikia wajumbe wa Kenya rasimu ya sura ya haki za binadamu kwa ajili ya katiba yao. Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza Mweusi wa Mahakama ya Juu ya nchi yake.

Kuna mambo ya kumhoji Houston. Kufunga masomo ya jioni kuliwaacha nje watu waliostahili. Na mkakati wa kuanzia vyuo vikuu ulimaanisha mtoto wa kile kibanda cha South Carolina alisubiri miaka ishirini, akawa mtu mzima kabla hukumu haijafika. Nikipima, naona alichagua kushinda polepole badala ya kushindwa haraka. Lakini si haki kusahau nani alilipa gharama ya hiyo polepole.

Leo chuo chake kina studio, antena na wanafunzi wenye kamera bora kuliko ile ya 1934. Sisi nasi, kila mtu ana kamera mfukoni, na tukienda BTP tunapiga selfi mbele ya shule na kurudi. Swali ambalo Houston anatuachia ni la kazi zaidi kuliko sifa: ukishaiona shule jinsi ilivyo, ushahidi wake utaupeleka kwa nani, na utakuwa umejiandaa kiasi gani siku atakayekuhoji akitafuta kosa lako moja dogo?